Michezo ya Kuigiza Katika Delta: Tupange kwa Kufuata Maji

Imekwisha kuwa desturi katika nchi yetu kwamba kila panapotokea jambo la kuwaeleza wananchi, liwe ni kipindupindu, ukataji wa mikoko, mimba za wanafunzi au uandikishaji wa wapiga kura, hutafutwa kikundi cha sanaa. Kikundi hicho hupakiwa garini au mashuani, huigiza kwa nusu saa mbele ya mgeni rasmi, hulipwa posho, kikaondoka. Baadaye taarifa huandikwa kwamba wananchi wamehamasishwa. Sisi hatuna ugomvi na sanaa, wala hatumwonei mtu kijicho kwa posho yake. Ugomvi wetu ni na taarifa hiyo.

Tunaandika haya tukiwafikiria hasa ndugu zetu wa delta ya Rufiji, wale wa Mbuchi, Msala, Kiomboni, Maparoni, Kiongoroni na vijiji vingine ambavyo leo vimo katika Wilaya ya Kibiti, wilaya changa iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo uliopita. Mto ukaribiapo bahari hugawanyika mikondo mingi, na baina ya mikondo hiyo ndipo palipo na msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki, wa kadiri ya hekta 50,000. Watu huishi humo kwa mpunga, samaki, kamba na kaa. Mtu atokaye Kibiti mjini hushuka mpaka Nyamisati, na kuanzia hapo mwenye amri ni maji.

Neno hili tunalisema kwa maana yake halisi, na lafaa kuelezwa kwa ajili ya maofisa waliozaliwa mbali na pwani. Maji ya bamvua, yaani yale makubwa yanayofuatana na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa katika pwani yetu mnamo saa 10 au 11 jioni, hupwa mpaka kiasi cha saa 4 au 5 usiku, kisha hujaa tena alfajiri na kupwa tena saa hizohizo asubuhi. Tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ndani ya vijito maji huchelewa zaidi kwa kadiri ya umbali kutoka baharini. Mahali palipopitisha mashua alasiri, usiku ni tope tupu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hubadilika: maji hayapwi sana, lakini pia hayajai kiasi cha kuifikisha mashua yenye mzigo katika vijito vya ndani.

Sasa na tumtazame mgeni rasmi. Yeye hutaka shughuli ianze saa 4 asubuhi ili arejee Kibiti kabla ya jua kuchwa. Ikiwa ni siku ya bamvua, kikundi kitafika maji yakiwa yamekauka. Wachezaji watateremka na maleba vichwani na tope magotini. Wanaume watakuwa wameondoka na mitego, wanawake wako mashambani, na watakaobaki kuyatazama maigizo ni watoto wa shule waliopangwa mistari, pamoja na wajumbe wa serikali ya kijiji walioitwa kwa barua. Halafu tunasema watu wa visiwani hawapendi kujifunza.

Kosa hapa halimo katika vipaji vya wachezaji. Kosa ni kwamba mchezo umehesabiwa kuwa tukio la siku moja, nao kwa hakika ni kazi ya miezi mitatu au minne. Kazi yoyote ya miezi minne, ikiwa ni zahanati, gati au kisima, serikali huidai mpango. Kwa nini mchezo usidaiwe?

Wenzetu wa viwandani walikwisha kupambana na jambo hili zamani. Mhandisi mmoja wa Marekani, Henry Gantt, mwanzoni mwa karne ya 20, alieneza utaratibu wa kuchora kazi katika chati: siku zimepangwa juu, kazi zimeorodheshwa kando, na kila kazi ina mstari unaoonyesha inapoanza na inapokwisha. Mtu hutupa jicho mara moja akajua leo nani anapaswa kuwa anafanya nini. Baadaye, katika mwaka 1957 na 1958, kampuni ya DuPont na Jeshi la Majini la Marekani, kila mmoja kwa shughuli zake, waliongeza hesabu nyingine. Wao waliuliza: kazi ipi haiwezi kuanza mpaka ipi iishe? Ukizifunga kazi hivyo kama pingu za mnyororo, utaona kwamba minyororo ni mingi, lakini mmoja ni mrefu kuliko yote, na huo ndio unaoamua siku ya mwisho. Kazi iliyomo katika mnyororo huo ikichelewa siku moja, shughuli nzima imechelewa siku moja. Kazi zilizomo katika minyororo mifupi zina siku za akiba.

Fundi wa jahazi hatashangazwa na maneno haya. Yeye ajua kwamba mkuku hutangulia, kisha mataruma na mbao, na kwamba hakuna kukalafati ubao ambao haujapigiliwa. Lakini tanga laweza kushonwa wakati wowote, mradi liwe tayari siku ya kushua. Akina mama wanaoendesha kamati za harusi pia wanayajua, tena kwa undani kuliko wahitimu wengi wa vyuo. Wana katibu, wana mweka hazina, wana daftari la michango, na tarehe yao haisogei. Wapo watakaotuambia kwamba sanaa ni jambo la moyo na haipangwi. Harusi nayo ni jambo la moyo.

Basi na tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme vijana wa Nyamisati wanakusudia kupeleka mchezo katika vijiji vitatu vya visiwani. Kitu cha kwanza cha kuchagua ni usiku, na hesabu ianzie hapo kurudi nyuma. Usiku unaofaa ni wa tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo mwezi huwa umekwisha kuchomoza magharibi inapoingia, kwa hiyo uwanja una nuru bila ya jenereta. Bamvua imekwisha kuanza, kwa hiyo mashua yafika alasiri. Tena wavuvi wa dagaa, ambao huvua kwa taa katika usiku wa giza, huwa wako nyumbani, maana dagaa hawaijali taa penye mbalamwezi. Wazee wengine hufunga sunna siku hizo tatu. Mchezo huanza baada ya Isha, wala haumkwazi mtu. Kila siku maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50, nalo ni jambo la kuandikwa katika ratiba ya safari, kwa kuwa saa iliyofaa tarehe 13 haifai tarehe 15.

Lakini hesabu hiyohiyo inatufunulia gharama ambayo waandaaji huisahau kila mara. Mchezo ukimalizika saa 4 usiku, mashua imekaa juu ya tope. Hakuna kurudi mpaka alfajiri. Kikundi kitalala kijijini, kitakula kijijini, na katika baadhi ya visiwa, ambako maji ya kunywa ni ya shida, kitapaswa kuchukua maji yake chenyewe, kisije kikawa mzigo kwa wenyeji. Mpango usiokuwa na kasma ya kulala, chakula na maji ya kunywa ni mpango wa mchana wa saa 4 asubuhi, hata kama juu yake pameandikwa usiku.

Mwezi gani? Mpunga wa delta huvunwa kuanzia Mei mpaka Julai, na kabla ya mavuno watu wako madunguni wakiamia ndege na kuwafukuza nguruwe. Korosho za huku juu Kibiti huanza kuokotwa Oktoba. Agosti na Septemba ndiyo nafasi: mpunga umo ghalani, mvua hakuna, na kufikia Septemba upepo wa kusi umeanza kulegea. Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, itazamwe mapema.

Tukichagua mwezi mpevu wa Agosti, basi ule wa Julai usipotee bure. Uwe wa mazoezi kamili ya usiku, nje, na maleba yote, ili sauti zipimwe penye upepo na ijulikane kama uso wa mchezaji unaonekana kwa mbalamwezi. Kabla yake kuna wiki tano au sita za mazoezi, tena ya alasiri tatu tu kwa wiki, kwa sababu wachezaji wenyewe nao wana mpunga wa kuvuna. Kabla ya mazoezi kuna wiki mbili za kutunga na kuelewana. Na kabla ya kutunga kuna siku za kwenda katika vijiji vile vitatu kuuliza watu wanasumbuliwa na nini. Huo ndio mnyororo mrefu: kuuliza, kutunga, kufanya mazoezi, kuonyesha. Unaanza Mei. Mwenye kuitwa mwezi Agosti akaambiwa aonyeshe mwezi huohuo, hana budi kukata pingu fulani, na aghalabu hukata ile ya kuuliza.

Kukodi mashua, kushona maleba na kuomba kibali ni minyororo mifupi. Ina siku za akiba, lakini akiba huisha. Ombi la kibali lililolala mezani mpaka wiki ya mwisho hugeuka likawa ndilo pingu la mnyororo mrefu, na hapo watu thelathini humngoja mtu mmoja mwenye mhuri.

Haya yote yahitaji mtu. Katika vikundi vyetu mwongozaji hubebeshwa kila kitu: atunge, afundishe, atafute mafuta ya mashua, amkumbushe diwani. Katika kazi ya jukwaa iliyotengenezwa vizuri yuko mwingine, msimamizi wa jukwaa, ambaye daftari ni lake. Yeye hajishughulishi na uzuri wa mchezo. Anaandika nani amefika mazoezini na nani hakufika, nani atashika nafasi ya mzee wa kijiji iwapo mchezaji wake atapata safari ya baharini, kiasi gani kimetumika na stakabadhi iko wapi. Fedha ya akiba, walau sehemu moja katika kumi, ikae kwake, isiguswe mpaka injini iharibike. Ni vizuri awe mtu anayeweza kumwambia mwongozaji kwamba siku zimekwisha, maana waongozaji wote duniani huomba siku moja zaidi. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981 na kufanywa taasisi ya TaSUBa mwaka 2007, kimo mkoani humuhumu mwetu. Halmashauri ikiwapeleka huko vijana wawili wa delta kujifunza kazi hii ya usimamizi, faida yake itaonekana zaidi kuliko ile ya fulana za kampeni.

Tumesema kwamba mnyororo huanza kwa kuuliza. Hili nalo si geni kwetu. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo mfukoni. Walianza kwa kukaa na watu na kuchunguza nao matatizo ya kijiji, na miongoni mwa yaliyojitokeza ilikuwa mimba za wasichana. Ndipo wanakijiji wakatunga wakitumia ngoma na maigizo yao wenyewe, wakaonyesha, wakajadiliana, na baada ya majadiliano kukawa na ufuatiliaji. Kazi za namna hiyo zilifanyika pia Msoga na Mkambalani katika miaka hiyohiyo ya 80, na Profesa Mlama alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991. Tukizitazama kwa jicho la mpangaji, tunaona kwamba onyesho lilikuwa hatua moja tu katika hatua nyingi, tena si ya mwisho. Katika mipango yetu ya leo hatua za kabla na za baada zimefutwa, ikabaki ile inayopigwa picha.

Jirani zetu wa Kenya wanao mfano mwingine. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walitayarisha mchezo pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walijenga wenyewe uwanja wa maonyesho wa kukalisha watu zaidi ya 2,000, wakafanya mazoezi hadharani mwisho wa wiki, siku ambazo watu hawakuwa kazini, na kila aliyepita akasahihisha. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba. Kabla Novemba haijaisha leseni ilikuwa imefutwa, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Mwaka 1982 uwanja ule ulibomolewa. Hapakuwa na kasoro katika mpango wa wanakijiji wale. Kilichowashinda ni mhuri.

Tunawakumbusha maofisa jambo hili kwa sababu na sisi tunayo Sheria Na. 4 ya mwaka 1976 ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ambayo imekuwa ikirekebishwa, na Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Hatusemi visifuatwe. Twasema Ofisa Utamaduni wa Wilaya asikutane na mchezo kwa mara ya kwanza siku ya kuombwa kibali. Akiwa ameshuka Nyamisati katika siku zile za kuuliza, akasikia kwa masikio yake yale ambayo watu wa Mbuchi wamesema, hatashtuka akiyakuta jukwaani. Ni rahisi zaidi kumtetea mbele ya wakubwa mchezaji ambaye umeona maneno yake yanakotoka.

Maneno ya delta ni mazito, wala hatuna haja ya kujificha. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, yakachukua nyumba na mashamba, na wananchi wakatakiwa kuhamia sehemu za juu. Wazee waliyasikia maneno hayo huku wakikumbuka mafuriko ya mwaka 1968 na Operesheni Rufiji iliyofuata, ambapo watu wa bondeni walihamishwa wakapelekwa katika vijiji vya juu. Walihama, lakini mashamba hayakuhama, na kila msimu walirudi bondeni wakajenga madungu. Tangu Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuushika mto. Mkulima anauliza: mto utafurika lini sasa, na kwa amri ya nani? Mwingine amelima mpunga ndani ya eneo la mikoko ambako baba yake alilima, na Idara ya Misitu humwambia kwamba hiyo ni hifadhi ya serikali. Kila upande una hoja yake. Mchezo uliotungwa ofisini utaeleza hoja moja, na watazamaji watapiga makofi kwa adabu.

Mchezo uliotungwa baada ya kuuliza utaweka jukwaani ofisa mwenye ramani na mkulima mwenye mbegu, wote wawili wana akili. Hatuombi zaidi ya hapo. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alifanya hivyo kwa jambo kubwa zaidi alipotoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, juu ya yule mtu wa Ngarambe ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kiongozi wake jukwaani ana mashaka, na wafuasi wake wana haki ya kuuliza. Vijana wetu wameusoma mchezo huo shuleni. Ni ajabu kwamba mtu aweza kumaliza shule Kibiti bila kuuona ukichezwa Mohoro kwenyewe, mahali panapofikika kwa gari kwa kuvuka daraja la Mkapa, bila kungoja bamvua.

Limebaki suala la fedha, nalo tunalielekeza moja kwa moja kwa Halmashauri na kwa mashirika yanayofadhili kampeni. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na fedha yenyewe huchelewa kuteremka. Kikundi kinachongoja fedha ya Julai hakiwezi kuwa kimeuliza mwezi Mei. Kwa hiyo kazi ya kuuliza, kutunga na kufanya mazoezi iingizwe katika robo ya mwisho ya mwaka unaotangulia, Aprili mpaka Juni, nayo si ya gharama kubwa: ni nauli, chakula na daftari. Fedha ya mashua na ya kulala visiwani ndiyo iwe ya mwaka mpya. Na mkataba useme wazi kwamba sehemu ya mwisho ya malipo, tuseme robo, italipwa baada ya kikundi kurudi katika vijiji vilevile mwezi unaofuata kuuliza nini kimefanyika: je, choo kimechimbwa, je, kamati ya maafa imekutana, je, yule ofisa wa misitu amekuja kujibu swali aliloulizwa mbele ya watu.

Safari hiyo ya pili haihitaji maleba wala ngoma. Watu wanne na msimamizi mwenye daftari wanatosha. Waondoke Nyamisati tarehe 13 ya mwezi mwandamo wa Septemba, mapema alasiri. Maji yatakuwa yamejaa kama yalivyokuwa Agosti, na mashua ndogo itafika Mbuchi kabla ya magharibi.